Kinyonga ana mimba, na mchana kutwa amefumba macho

SWALI

Shangazi, pokea salamu kutoka Bahati, Nakuru. Wengine hukuandikia mambo ya ndoa na ya mashamba, nami nakuletea la kinyonga. Usinicheke, maana wiki hii nyumbani kwangu hakuna anayelala vizuri kwa ajili yake.

Wiki nne zilizopita mume wangu alimwita fundi atukatie ua wa michongoma. Binti yangu wa miaka 11 akamwona kinyonga kwenye tawi lililokwisha kuanguka, na fundi ameshainua panga. Mtoto alipiga ukelele hata fundi mwenyewe akashtuka akaiteremsha. Tukamtia kinyonga kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, tukaitoboa matundu, tukaiweka sebuleni nyuma ya kochi ambako paka hafiki. Ni wa kijani chenye madoa ya kahawia, kisogo kimeinuka kama kofia, puani ana kijipembe kimoja kifupi, na chini ya kidevu ana miiba laini kama ndevu. Binti alikuwa akimshikia nzi na panzi, naye alikula vizuri siku za kwanza. Tumbo likawa linakua. Tulidhani ananenepa, mpaka jirani mmoja alipomtazama akasema huyu ana mimba.

Sasa ni siku ya sita hajala. Macho yameingia ndani, na tangu jana anayafumba mchana. Hapandi tena kijiti tulichomwekea, amelala chini ya katoni, na rangi yake imekuwa nyeusi nyeusi. Tulimwekea maji kwenye kifuniko cha chupa, hakuyagusa. Maziwa pia hakuyagusa. Usiku huku kuna baridi, kwa hiyo nimekuwa nikiisogeza katoni karibu na jiko la makaa. Jirani ameniambia nifungue kidonge cha antibiotiki cha mtoto wangu mdogo nikichanganye na maji, nimdondoshee mdomoni kwa sirinji. Kaka mmoja wa agroveti alisema yeye anajua ng'ombe na kuku tu.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Bungoma na anakaa nasi. Hataki hata kupita sebuleni. Anasema kinyonga ndiye aliyewalaani binadamu wakaanza kufa, na huyu mwenye mimba akifia ndani ya nyumba itakuwa balaa juu yetu. Nami nina mtoto wa miaka miwili anayetambaa kila mahali. Mume wangu anasema tumtupe tu nje ya geti, yaishe.

Lakini jana usiku binti yangu aliniuliza, "Mama, ni mimi ninayemuua?" Sikuwa na jibu. Nifanye nini, Shangazi? Na je, ni kweli kwamba kumfuga kinyonga ni kosa la kisheria?

Mama wa watatu, Bahati


JIBU

Mama wa watatu, barua yako ilinifikia usiku, nikakutumia ujumbe mfupi palepale: mwondoe kwenye jiko, usimpe dawa ya mtoto, na kukicha mpe maji ya matone kisha upige simu. Hapa naeleza kwa kirefu, kwa ajili yako na kwa wengine wenye kinyonga ndani ya katoni wakati huu.

Naanza na binti, kwa sababu swali lake ndilo zito kuliko yote. Mwambie hapana. Bila yeye, kinyonga huyu angekufa siku ile ile kwa panga, yeye pamoja na watoto walio tumboni. Kilichomdhoofisha ni katoni, na katoni ilichaguliwa na watu wazima wasiojua. Mwambie hivyo wazi, ukimtazama usoni. Mimi nilipokuwa na umri wake, kwetu Kakamega, nilimtia kinyonga kwenye chupa ya jemu, nikaiweka dirishani apate jua. Niliporudi kutoka shule alikuwa amekauka kwa joto. Hakuna mtu mzima aliyekaa nami chini akanieleza kilichotokea, na niliubeba ule uchungu peke yangu miaka mingi. Sitaki binti yako aubebe.

Sasa mgonjwa mwenyewe. Kofia ya kisogoni, kijipembe kimoja na ndevu za miiba vinanielekeza kwa kinyonga wa Höhnel, ambaye ni mwenyeji wa nyanda za juu za kwetu. Alipewa jina la Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria aliyesafiri na Teleki, mpelelezi wa Hungaria, katika nchi hizi mwaka 1887 na 1888. Jambo la maana kwako ni kwamba hatagi mayai. Anazaa watoto hai, kama anavyozaa ndugu yake wa pembe tatu, kinyonga wa Jackson, ambaye hubeba mimba kwa miezi mitano au zaidi na anaweza kuzaa watoto 8 hadi 30 kwa mpigo mmoja.

Watu wengi wa kwetu hawajui kwamba kuna vinyonga wa namna mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayotueleza kwa nini huyu wako ameugua. Mayai yakifukiwa kwenye udongo wa mahali penye baridi kama Bahati au Njoro yangechelewa mno kuanguliwa. Basi mama wa nyanda za juu huyaweka tumboni na kuyapeleka juani. Asubuhi hupanda kwenye tawi la nje, huugeuza mwili wake kuwa wa rangi nzito ili ushike joto haraka, akajiota yeye na watoto wake. Likizidi joto, anarudi ndani ya majani. Kazi hiyo huifanya kwa miezi. Sasa fikiria wiki nne nyuma ya kochi. Hakuona jua. Bila mwanga wa jua kuigusa ngozi yake, mwili hautengenezi vitamini D, na bila hiyo chokaa ya kwenye chakula, yaani kalsiamu, haifiki mifupani. Watoto nao hawakungoja, wamechukua chokaa na maji kutoka kwake. Na maji yenyewe hakuyapata, kwa kuwa kinyonga hajui kwamba kilicho kwenye kifuniko ni maji. Anajua umande, na tone linalometa kwenye jani.

Ndiyo maana macho yameingia ndani. Hiyo ni kiu. Tazama kinyesi chake pia: kina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe, na ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Ikiwa ya manjano au rangi ya chungwa, amekaukiwa sana. Kuacha kula peke yake kusingenitisha, kwa sababu wengi huacha siku chache kabla ya kuzaa, wakawa hawatulii, wanazungukazunguka wakitafuta mahali. Lakini anayekaribia kuzaa na ana afya njema huwa macho yake yamefunguka na yanatembea huku na huku. Anayefumba macho mchana na kulala chini ni mgonjwa mahututi, na hesabu yake ni ya saa, si ya wiki.

Asubuhi saa moja na nusu, jua likishatoka, mtoeni kwenye katoni. Kama kuna mti mdogo kwenye chungu cha maua, au kichaka kilichobaki uani ambacho hakijapigwa dawa, mwekeni hapo, nusu jua nusu kivuli, mtu akae karibu kumlinda dhidi ya paka na kuku. Asiwe nyuma ya kioo cha dirisha: kioo kinazuia ule mwanga anaouhitaji na kinaongeza joto. Chukua chupa ya kupulizia maji kama ile ya saluni, iliyooshwa vizuri, ulowanishe majani yaliyo mbele ya uso wake. Au toboa kopo kwa pini, ulitundike juu yake lidondoke polepole, tone baada ya tone. Uwe na subira. Kinyonga mwenye kiu anaweza kuyatazama matone dakika kumi nzima kabla hajaanza kulamba, na akianza ataendelea kwa muda mrefu. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu mpaka saa kumi jioni, majani yapate kukauka kabla ya baridi. Kama mna tangi la maji ya mvua, tumieni hayo. Maji ya visima virefu vya Nakuru yana floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na sioni sababu ya kumpa mgonjwa maji hayo.

Usimimine chochote mdomoni kwa sirinji. Njia yake ya hewa iko wazi palepale nyuma ya ulimi, na kinyonga dhaifu huyavuta maji mapafuni kwa urahisi sana. Tone moja kwenye ncha ya pua linatosha: akitaka atalilamba mwenyewe. Maziwa hawezi kuyasaga. Antibiotiki ya mtoto pia achana nayo kabisa. Kipimo chake kimewekwa kwa mwili wa binadamu wa kilo nyingi, na huyu wako hafiki hata uzito wa yai la kuku, na figo zake tayari zinateseka kwa kukosa maji. Namheshimu jirani yako kwa nia yake, lakini kwa hili usimsikilize.

Kuhusu baridi, najua ulimsogeza jikoni kwa huruma. Lakini huyu ni mtu wa milimani. Usiku wa Bahati ndio usiku wake wa siku zote, kinachomdhuru ni moshi wa makaa na joto lisilo na njia ya kutokea. Usiku mwache sebuleni kwenye giza, mbali na televisheni, juu ya matawi yenye majani, na amefunikwa kwa kitambaa chepesi. Na mikono ipungue. Kila anaposhikwa ili aonyeshwe mgeni, anatumia nguvu asizo nazo. Najua inauma kuambiwa usimshike unayempenda akiwa mgonjwa, ila kwa kinyonga ndiyo huduma yenyewe.

Msimlazimishe kula kabla hajanywa. Akishakunywa na kufungua macho, jaribuni nzi mmoja au nyenje mdogo akitembea mbele yake, si zaidi. Maganda ya mayai ya kuku mkiyachemsha, mkayakausha na kuyasaga mpaka yawe laini kama unga wa ngano, mnaweza kumpakaza mdudu kidogo, ni chokaa nzuri. Wadudu msiwachukue kwenye viazi au nyanya zilizonyunyiziwa dawa. Nafikiria hata kwamba baadhi ya wale panzi wa siku za kwanza walitoka huko, na sumu ile humwingia anayewala. Mkumbushe binti akueleze aliwakamata wapi, daktari atauliza.

Maana daktari ni lazima. Haya yote niliyotaja ni ya kumsaidia afike, hayatatibu watoto waliokwama tumboni. Jambo hilo hutokea kwa mama aliyeishiwa chokaa: misuli haina nguvu ya kusukuma. Ukiona anakaza mkia na kujikamua kutwa nzima bila mtoto hata mmoja kutoka, au wametoka wawili watatu kisha kazi ikasimama naye bado ana tumbo kubwa, au nyama nyekundu imechomoza nyuma, usingoje asubuhi. Hiyo nyama ilowanishe kwa kitambaa safi cha maji ili isikauke, umpeleke. Vivyo hivyo akianza kupumua mdomo wazi na mapovu, au vidole vyake vikishindwa kabisa kushika kijiti. Na mtu yeyote asimkamue tumbo. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa kuku mwenye yai lililokwama, na kwa kinyonga ni kumpasua.

Yule kijana wa agroveti alisema kweli, na ukweli wake ni bora kuliko dawa ya kubahatisha. Piga simu ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyoko Hifadhi ya Ziwa Nakuru, lango lake liko ukingoni mwa mji wenu. Hapa najibu na lile swali lako la sheria: ndiyo, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyamapori bila kibali, na kinyonga wa porini ni mnyamapori. Lakini anayepiga simu mwenyewe na kusema, "Tulimwokoa kwenye ua uliokatwa, anaumwa, ana mimba, tunaomba msaada," hayuko sawa na anayemficha au kumuuza. Piga mapema, sema ukweli wote, na uandike jina la afisa uliyeongea naye na saa. Kama watakuelekeza kwa daktari wa mifugo, chagua anayetibu mbwa na paka kwa sababu atakuwa na vifaa vidogo. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kinafundisha udaktari wa mifugo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo Kabete. Daktari ambaye hajawahi kumtibu kinyonga bado anaweza kumpigia simu mwenzake aliyewahi.

Mwambie daktari siku ngapi hajala, rangi ya ule mkojo, alikaa gizani muda gani, na ikiwezekana uzito wake kwa mizani ya jikoni. Muulize kuhusu maji ya kuchomwa chini ya ngozi, sindano ya chokaa, na picha ya kuona watoto wako wangapi na wamekaaje. Dawa ya kuongeza uchungu isitangulie kabla haijajulikana kama njia iko wazi. Kuna nyakati inabidi kupasua. Katika safari, katoni iwe na kijiti kilichofungwa kisicheze na majani mabichi, uibebe mapajani. Kwenye matatu usikae karibu na injini.

Mtoto wa miaka miwili asimguse kabisa, wala sehemu alikowekwa. Wanyama wa aina hii hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuugua, navyo humharisha mtoto mdogo vibaya sana. Kila anayemhudumia anawe kwa sabuni, na vyombo vyake visiingie kwenye karai la vyombo vya nyumba. Sumu hana, wala meno ya kukuumiza, kwa hiyo hofu ya kuumwa iondoeni.

Kwa mama mkwe, nenda kwa heshima, usimwambie kwamba ni ushirikina. Hadithi anayoijua ni ya kweli kwao, nimeisikia kwa Wabukusu wa Bungoma tangu utotoni: kinyonga alimjia mtu aliyekuwa akila, akaomba chakula, akanyimwa na kufukuzwa, ndipo akalaani. Nyoka yeye alimpa chakula, akabarikiwa kujivua gamba na kuishi. Keti na mama, mwombe akusimulie yeye mwenyewe mbele ya mjukuu wake, kisha umuulize kwa upole: katika hadithi hii, laana ilimpata aliyempa chakula au aliyemfukuza? Mjukuu wake amempa chakula kwa wiki nne. Mtu anayemwogopa sana huyu kiumbe ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kukataa atupwe nje ya geti. Na mumeo mweleze kwamba nje ya geti, katika hali aliyo nayo, ni kumkabidhi kwa siafu.

Akizaa salama, msishtuke. Kila mtoto hutoka ndani ya utando unaonata, hudondoka kwenye jani, hujinyoosha akautoboa, akaanza kutembea papo hapo. Hawanyonyeshwi wala hawalelewi, na mama mwenye njaa anaweza kuwala, basi mtengeni nao. Msiwaweke ndani ya nyumba hata kwa siku mbili. Ulizeni KWS, na wakikubali warudisheni kwenye michongoma ile ile walikotoka. Huenda pia akazaa tena baada ya miezi bila kukutana na dume, kwa sababu jamaa hawa huweza kuhifadhi mbegu mwilini. Msidhani ni muujiza.

Na akifa, mama, kwa maana inawezekana, mpigieni daktari papo hapo badala ya kumzika: watoto waliokwisha komaa wakati mwingine huweza kutolewa wakiwa hai. Kisha mwache binti alie, na yeye ndiye achague mahali pa kumzika.

Wa upande wa ziwa, Kisumu na Ahero, ambako ni joto, vinyonga wengi wenu ni wa kutaga. Mkimwona jike mwenye tumbo kubwa ameshuka mtini anachimba ardhini, ni wakati wa mayai, mara nyingi zaidi ya 20. Msimwinue, msimwagie maji, msimzunguke na simu kupiga picha. Akivurugwa anaweza kuacha kuchimba na mayai yakamwozea tumboni.

Mama wa watatu, mpe binti daftari aandike saa aliyokunywa, rangi ya kinyesi, saa alipofungua macho. Daktari atalihitaji, na mikono yake itapata kazi nyingine badala ya kumshika. Na fundi wa ua akirudi kumalizia upande uliobaki, amngoje binti aukague kwanza tawi kwa tawi. Vinyonga hawakuwa na mama mmoja tu kwenye michongoma ile.